Ukurasa wa 47 na Bido la Kasiksi

Jumatatu, 5 Juni

Spès ameondoka. Jana, baada ya misa. Amechukua nguo, sufuria kubwa na mwiko wake. Mwiko! Mwanamke akiacha mwiko, kesho anarudi. Akiubeba, mambo ni mazito.

Yuko Kiringye kwa baba yake, mzee Ngendakumana. Kisa ni hiki. Juzi Jumamosi waliondoa matanga ya mama mkwe wangu, marehemu Generose, mwaka mmoja tangu afe. Kwao, huko bonde la Ruzizi, siku hiyo mkwe hakosi. Anawekewa kiti mbele, watu wote wamwone. Mimi sikwenda. Kiti changu kilikaa wazi kutwa nzima, Spès kando yake. Nilimwambia mashine yangu ya fotokopi iliharibika na wanafunzi wana mitihani. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Majirani wote wananipa dawa ileile. Mke akirudi kwao kwa hasira, mume anabeba pombe, anatafuta mtu wa kumsemea, anaenda kwa wakwe, anakaa chini, anakiri kosa lake. Ndipo mke anafungiwa mizigo. Achille, mwenye fotokopi ya ng'ambo ya barabara, amenipigia kelele toka mlangoni kwake, wateja wakisikia: weye, beba bido la kasiksi uende!

Sibebi dumu lolote. Pombe ya ndizi ni ya watu wasiosoma. Mimi ni mtu wa sayansi.

Miaka sita sasa nawatolea wanafunzi fotokopi za silabusi, kitabu cha somo la Utangulizi wa Saikolojia. Kurasa nzuri wanachukua wao. Zilizoharibika, zilizopauka, zilizotoka kombo, nazihifadhi mimi kwenye boksi. Ninazo ishirini na tatu. Kwa nini binadamu anataka, anakasirika, anaogopa, anafuata wenzake: nimesoma yote. Yaani sehemu kubwa. Spès atarudi kwa miguu yake mwenyewe, na atadhani ni wazo lake.

Ukurasa 31: mahitaji ya binadamu ni ngazi. Chini kabisa njaa na kiu. Juu kabisa upendo na heshima. Mtu hapandi kabla ya kushiba. Vizuri. Nitasubiri asikie njaa.

Jioni nimepika bugali. Umeungua chini, mbichi juu. Hapo nikakumbuka kwamba Kiringye mwezi huu wanavuna mpunga. Aliye chini ya ngazi ni mimi.

Jumanne, 6 Juni

Ukurasa 38. Zawadi! Kitendo kinachofuatwa na zawadi hurudiwa. Panya alibonyeza kijiti, akapewa chakula, akabonyeza tena. Spès si panya, Mungu anisamehe, lakini kanuni ni kanuni.

Nimekwenda bandari ya Kalundu asubuhi, boti zikishusha. Nimenunua samaki, mikeke miwili, minene, macho bado yanang'aa. Nimempa Gracien, motari anayefanya safari za Kiringye kwa pikipiki, baba wa watoto watano na mtu wa kuaminika. Ujumbe: hii ni ya mwanzo tu, mingine inamsubiri nyumbani.

Gracien amerudi saa tisa. Spès hakugusa. Samaki wameliwa na kaka yake, shemeji yangu Havyarimana, mtu mwenye tumbo na sauti, akisaidiwa na majirani wawili. Wanashukuru sana. Wanaomba safari ijayo niweke na ndimu.

Jumatano, 7 Juni

Simu saa moja asubuhi. Kiringye! Nikaangusha kikombe. Alikuwa Havyarimana. Anauliza motari ameshatoka na samaki au bado, maana wameshabandika maji.

Kanuni ni ya kweli kabisa. Ila imemshika mtu mwingine.

Nimetafuta ukurasa 39, nione inakuwaje zawadi ikikatwa. Sina. Ukurasa 40 ninao nusu. Unaanza hivi: "...na ndipo panya akaanza kuuma." Nimetuma samaki mmoja, na ndimu.

Achille ametundika kibao kipya. FOTOKOPI SAFI. HAPA HAKUNA UKURASA UNAOPOTEA. Herufi nyekundu. Ananilenga mimi, kila mtu anajua. Nimekaa saa nzima nikifikiria kibao cha kumjibu. Nimepata "HATA HAPA". Nimekiacha.

Alhamisi, 8 Juni

Ukurasa 64! Mtu hupenda kile anachoona wenzake wanakipenda. Duka lenye foleni huvuta foleni. (Ndiyo maana Achille huwaweka shemeji zake wasimame mlangoni kwake na karatasi mkononi. Sasa nimekugundua, bwana!)

Leo ni siku ya soko Kiringye. Nimemkalisha Gracien, nimemfundisha. Asimame karibu na wauza mchele, Spès akiwa hapo, aseme kana kwamba anaongea na mwingine: kule Uvira watu wanamsifu sana Herménégilde (ndiye mimi). Ni mtu mzuri. Kila mtu anampenda. Basi. Sentensi tatu!

Gracien hawezi sentensi tatu. Amerudi anacheka, anasubiri nimpongeze. Alipoona watu wanasikiliza, akaongeza chumvi. Herménégilde amenenepa! Anapiga redio tangu asubuhi! Nyumba imejaa wageni! Wanawake wa mtaa wanashindana kumletea mboga ya sombe!

Mawe, mama yangu! Nimeshika kichwa. Nimemuuliza Gracien: Spès alisema nini? Alifunga mchele wake, akatoa kifurushi kidogo kikapuni, akasema: mpelekee, kisije kikawa kisingizio kingine.

Ni miwani yangu. Kila Jumapili yeye ndiye huibeba kanisani, maana mimi huisahau. Ilikuwa imebaki kwenye mkoba wake. Ameifunga kwa kipande cha kitenge, mara mbili, isikwaruzike.

Mtu mwenye hasira hafungi mara mbili. Au anafunga? Nimepekua boksi lote, hakuna ukurasa unaosema. Kile kitambaa nimekiweka mfukoni. Kinanuka kikapu chake.

Ijumaa, 9 Juni

Ukurasa 71, dalili za msongo wa mawazo. Ziko kumi na moja. Kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula, kusahau, kukasirikia mambo madogo, koo kukaza. Nimejipima. Tisa juu ya kumi na moja! Shuleni sikuwahi kupata alama kama hiyo. Nikageuka kumwambia Spès. Halafu nikakumbuka.

Nimemtolea mteja kopi za kitambulisho, zote nimekata kichwa. Mteja akavuka barabara kwenda kwa Achille, kichwa chake mwenyewe akiwa nacho.

Sasa niandike ukweli, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Mashine haikuharibika. Nilichomoa waya kwa mkono wangu, nikauficha ndani ya boksi la kurasa.

Ni hivi. Siku ya kwanza nilipokwenda Kiringye kujionyesha, nilivaa koti la kuazima, mikono yake imepita vidole. Wajomba wa Spès walicheka mpaka wakashikana mabega. Mama Generose hakucheka. Alikuja akanikunjia mikono ya koti, mmoja, halafu wa pili, taratibu, kisha akaniambia nile. Tangu hapo, kila mavuno alitutumia gunia la mchele. Na ndani, katikati ya mchele, alificha kifurushi cha karanga za kukaanga. Kilikuwa changu. Hatukuwahi kulisema, si yeye si mimi. Nilikuwa nikingoja Spès aende bombani kuchota maji, naingiza mkono, nazila zote nimesimama.

Alipofariki, siku ya mazishi nilijipa kazi. Kupanga viti, kubeba maji, kutafuta turubai. Sikupata nafasi ya kulia.

Januari gunia likaja. Nikaingiza mkono. Mpaka kwenye kiwiko. Mpaka begani. Mchele tu.

Nikafunga mdomo wa gunia, nikakimbilia kazini. Na siku hiyohiyo mashine ikatoa ukurasa 47, umepauka upande wa chini. Unasema: hatulii kwa sababu tuna huzuni, bali tuna huzuni kwa sababu tunalia. Mwili ndio unaotangulia. Nilifurahi mno! Basi dawa iko rahisi. Usilie, na usiende mahali wanakolia. Miezi mitano sikutoa hata tone moja. Na hicho kiti cha mbele, na nyimbo, na sufuria zake Mama Generose zikipita mikononi mwa wengine... Hapana. Nilichomoa waya.

Leo nimevaa miwani, nikausoma tena ule ukurasa. Chini kabisa, kwenye weupe, kuna mstari ambao sikuwahi kuuona. "Lakini nadharia hii imepingwa vikali. Tazama ukurasa 48."

Sina ukurasa 48.

Jumamosi, 10 Juni

Nani ana ukurasa 48? Mtu ambaye kibao chake kinasema hakuna ukurasa unaopotea.

Nimevuka barabara mara tatu. Mara ya kwanza nilijifanya naenda kwa mziba-matairi. Mara ya pili nilijifanya natoka kwa mziba-matairi. Mara ya tatu Achille aliniuliza kama nimenunua gari.

Nikaomba ukurasa. Nilidhani ataita shemeji zake waje wanicheke. Hakuita mtu. Alienda nyuma, akaja nao, umenyooka, mweusi, safi (nakiri). Akanisomea yeye, taratibu, kidole chini ya mstari. Kwamba mwili na mawazo hushirikiana. Kwamba kuzuia machozi hakuzuii huzuni, ila kunauongezea mwili mzigo: usingizi, chakula, koo. Nikamwambia mimi nina tisa juu ya kumi na moja. Hakucheka. Akasema mficha maradhi, kilio kitamuumbua. Akasema yeye hajui silabusi, yeye anajua tu kwamba nimekonda, na kwamba tangu Jumatatu shati langu ni lilelile.

Halafu akanimiminia chai. Nilikuwa nimejiandaa kwa dharau yake. Kwa chai sikuwa nimejiandaa, nikatazama ukutani.

Akasema mtu haendi kwa wakwe peke yake. Ndugu zangu wako mbali, basi atakuja yeye kunisemea. Ameshasemea wanaume wawili, wote wake zao walirudi, mume mmoja hata alikuwa hamtaki mkewe tena. Nimekubali. Habari ya waya sikumwambia. Aibu ina mipaka.

Mama Émérance, muuza kasiksi, ametujazia bido la lita ishirini. Bido ni lake, la njano, tumrudishie Jumatatu bila kukosa.

Jumapili, 11 Juni

Nimefika nyumbani sasa hivi. Niandike kabla sijasahau.

Tulikuwa watatu juu ya pikipiki moja: Gracien mbele, Achille nyuma, mimi katikati na bido mapajani. Kasiksi haipendi mashimo. Baada ya Sange kifuniko kiliruka kama risasi, nusu ya pombe ikaingia kifuani mwangu. Nilifika kwa wakwe nimelowa, nzi wananisindikiza.

Walitukalisha uani. Mzee Ngendakumana kwenye mkeka, Havyarimana kando yake, Spès mlangoni na mwiko mkononi. Havyarimana aliuliza ni samaki gani huyu anayenuka ndizi.

Achille akasimama. Lo, anajua kusema! Alianza na mvua, akaja kwenye mavuno, akawasifu ng'ombe ambao hata hakuwaona. Kisha akafika kwenye mashine. Akaapa, kama mtu wa kazi ileile, kwamba siku ile alisikia kwa masikio yake mashine yangu ikilia, na moshi akauona kutoka ng'ambo. Hakukuwa na moshi! Anadanganya kwa ajili yangu, na anadanganya vizuri kuliko mimi. Watu wakaanza kutikisa kichwa kwa kuridhika.

Spès akageuka kuingia ndani.

Nilijua akiingia ndani mlango ule utafungwa, na mimi nitazeeka na bugali mbichi na kurasa zangu ishirini na tatu. Nikatafuta kichwani ukurasa wa kunisaidia. Hamna. Nikasema tu. Nikasema Achille amesema kwa wema, lakini mashine haikuharibika. Waya nilichomoa mimi. Nikasema karanga hazikuwamo.

Wakauliza: Karanga gani?

Nikaeleza. Koti, mikono ya koti, gunia. Nikasema niliingiza mkono mpaka hapa, nikaonyesha bega. Basi, hapo machozi yakatoka. Yote ya mwaka mzima! Mbele ya shemeji. Na kamasi. Nikatoa kile kitambaa cha kitenge, na Spès akakiona.

Mzee alivua kofia. Halafu akasema gunia la Januari alilifunga yeye. Mara ya kwanza maishani kulifunga peke yake. Hakujua kama kuna karanga, mkewe hakuwahi kumwambia. Akasema miaka ishirini na minne alikuwa akijiuliza karanga za nyumba ile zinakwenda wapi, na mara mbili alimfukuza mtumishi wa watu bure. Akaanza kucheka. Kicheko kikamgeukia, akafuta macho kwa kofia. Spès naye akalia, ameegemea mlango. Hata Havyarimana alisema anakwenda kutazama mbuzi, na mbuzi walikuwa mbele yetu.

Kisha mzee akaomba mirija, tukanywa kile kilichobaki. Kile kiti changu kilikuwa bado pale ukutani, hakuna aliyekiondoa tangu Jumamosi ile. Mzee akaniambia nikikalie. Nimekikalia. Tumeimba wimbo mmoja wa Mama Generose, nimelia tena, na hakuna aliyenicheka.

Gracien alitangulia na Spès, sufuria na mizigo. Mimi, Achille na bido tukapanda gari la mchele. Nilipoingia nyumbani alikuwa ameshawasha moto. Ameniambia neno moja tu. Kwamba siku ile, kando ya kiti kitupu, alidhani sikumpenda mama yake. Nikamwambia nilimpenda. Nilimpenda mno, ndiyo maana. Akasema basi siku nyingine nilie naye, nisilie na waya.

Jumatatu, 12 Juni

Nimelala kama gogo. Mwiko umetundikwa mahali pake. Kwenye mfuko wa shati safi nimekuta kifurushi cha karanga za kukaanga, bado zina joto. Sikuuliza. Nimekwenda kuzila nyuma ya nyumba, nimesimama.

Nimefanya uchunguzi wa kisayansi. Kabla ya Kiringye nilikuwa na msongo tu. Nilipolia, nikapata huzuni kubwa kwa saa mbili nzima. Machozi kwanza, huzuni baadaye! Ukurasa 47 ulisema kweli. Ukurasa 48 umetoka kwenye mashine ya Achille, na mashine ya Achille naijua. Halafu ni nani aliyemrudisha Spès? Watasema bido. Lakini samaki walikwenda kabla ya bido. Msingi uliwekwa na sayansi.

Saa sita Délice amepiga simu kutoka Makobola, alikoolewa. Binti yetu! Mtoto wake atabatizwa Jumapili tarehe 25. Wamemchagulia jina: Generose. Babu atambeba mbele ya watu wote na kusema maneno.

Babu ni mimi.

Jina hilo nilitamke mbele ya watu wote bila kulia? Nimefikiri haraka. Tarehe 24 mashine itaharibika. Waya hapana, waya umeshajulikana. Safari hii wino utamwagika ndani, jambo ambalo hata Achille akichungulia ataamini. Nimeandika mpango wote nyuma ya ukurasa 47.

Spès ameingia, nikaufunika kwa kiwiko. Akatazama kiwiko. Akatazama mashine. Akaniuliza kama nimesikia habari ya mtoto. Nikasema nimesikia, furaha kubwa sana, na nikanyanyua bido la njano nilipeleke kwa Mama Émérance kama tulivyoahidi.

Akasema niliache hapo mlangoni. Ameshazungumza na Mama Émérance, bido sasa ni letu. Nikamuuliza, ni la ubatizo? Akanikunjia mkono wa shati, mmoja, halafu wa pili, taratibu. Akasema hapana, hilo ni la siku nitakapokwenda tena Kiringye kumchukua.

Sijui alikuwa na maana gani. Nimelisogeza kidogo, nipate nafasi ya kufungua mashine.